Utafiti Usiofika kwa Fundi: Uhandisi, Kiswahili na Tofali la Bungoma

Msafiri aondokaye mjini Bungoma akashika njia ya Webuye, kisha akapanda kuelekea Kitale kupitia Misikhu, Kamukuywa na Kiminini, hakosi kuziona tanuru za matofali. Matofali mabichi hupangwa yakawa kama kichuguu kikubwa, yakakandikwa udongo kwa nje, na chini yake magogo yakawashwa moto uwakao usiku na mchana. Baada ya siku kadhaa tofali huwa jekundu na gumu. Baadaye huwa ukuta wa nyumba, wa darasa au wa kanisa. Mti ulioliivisha huwa umekwisha kuwa majivu.

Tanuru hizo ni riziki ya watu wengi, na si haki kuzikejeli. Hata hivyo, zinaibua swali zito linalowahusu wasomi. Kwa miongo kadhaa sasa, wahandisi na wasanifu majengo wa Afrika Mashariki wamejua namna ya kutengeneza tofali lisilohitaji kuchomwa. Maarifa hayo yamefanyiwa utafiti, yakaandikwa, yakachapishwa. Mbona basi moto ungali unawaka? Sababu ni nyingi: bei ya mashine, bei ya saruji, mazoea ya mafundi na ya wenye nyumba. Lakini ipo sababu moja ambayo haitajwi sana, nayo inawagusa wasomaji wa jarida hili moja kwa moja. Maarifa hayo yameandikwa kwa lugha ambayo fundi haitumii kazini. Rai ya makala haya ni kwamba ufanisi wa kitivo cha uhandisi haujakamilika hadi matokeo yake yaweze kuelezwa, kuulizwa na kubishiwa kwa Kiswahili na mtu atakayeyatumia, na kwamba jukumu la kuyafikisha huko si la wahandisi peke yao.

Mafanikio yasiyo haba

Si kweli kwamba vyuo vikuu vya kanda hii vimelala. Mwaka 1986 serikali ya Kenya ilikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari, na kufikia 1990 magari ya majaribio ya Nyayo Pioneer yalikuwa yamezinduliwa. Mradi huo haukuzaa magari ya kuuziwa umma, lakini ulionyesha kwamba wahandisi wa nchi hii wangeweza kuthubutu. Jijini Kampala, wahandisi wa Chuo Kikuu cha Makerere waliliendesha gari la umeme la Kiira EV mwaka 2011, na mwaka 2016 basi la Kayoola, linalosaidiwa na nguvu za jua, likaonyeshwa hadharani. Tarehe 11 Mei 2018, setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iitwayo 1KUNS-PF iliachiwa angani kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Ilikuwa kisanduku chenye upande wa takriban sentimita 10, na ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza ya Kenya. Kazi hiyo ilifanywa kwa ushirikiano na shirika la anga la Japani na Umoja wa Mataifa. Tarehe 15 Aprili 2023, Taifa-1 ikarushwa kutoka California, nchini Marekani, ikikusudiwa kupiga picha za ardhi zitakazosaidia kilimo na utunzaji wa mazingira.

Mwanakiswahili akiitazama orodha hii hawezi kukosa kuona jambo moja. Majina ya Kiswahili yamejaa: Nyayo, Taifa. Hata kabla ya hayo, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Basi Kiswahili hualikwa siku ya kumpa mtoto jina. Siku ya kumlea hakialikwi. Michoro, ripoti, tasnifu na makala ya kitaalamu huandikwa kwa Kiingereza, na msomaji wa kawaida huachiwa jina tu.

Pengine kwa setilaiti hasara si kubwa. Setilaiti haimhitaji mkulima wa Kiminini aielewe ndipo iizunguke dunia. Tofali si hivyo. Tofali halitengenezwi na mhandisi wala na msanifu majengo. Hutengenezwa na kijana mwenye koleo, mbele ya shimo la udongo, chini ya usimamizi wa fundi ambaye huenda hakupita shule ya sekondari. Asipoelewa yeye, hakuna tofali.

Tofali na maneno yake

Miongoni mwa watafiti waliolishughulikia tofali lisilochomwa ni Moses Musaazi, mhadhiri wa uhandisi wa umeme katika Makerere, katika kitivo kilichoitwa Kitivo cha Teknolojia, ambamo uhandisi na usanifu majengo vilikaa pamoja. Anafahamika kwa sodo za MakaPads, zinazotengenezwa kwa mafunjo na karatasi zilizokwisha kutumika. Anafahamika pia kwa kuliendeleza tofali la udongo lililopindwa, ambalo hushikamana na jenzake na kufaa kujengea matangi ya maji. Msomaji wa Bungoma asidhani kwamba hayo ni ya mbali. Kwa barabara, Kampala iko karibu zaidi na Bungoma kuliko Nairobi.

Namna ya kulitengeneza tofali hili si siri. Udongo huchimbwa chini ya tabaka la juu lenye mboji, ukakaushwa na kuchekechwa. Huchanganywa na saruji kidogo, aghalabu sehemu 5 hadi 10 kwa kila sehemu 100, ukatiwa maji ya kiasi, kisha ukashindiliwa katika mashine ya mkono. Tofali hutoka likiwa na mwinuko upande mmoja na mfuo upande wa pili, hivyo hukaa juu ya jingine bila kuhitaji mota nyingi. Halitiwi tanuruni. Hupangwa kivulini, likafunikwa na kumwagiliwa maji kwa siku kadhaa, nalo huendelea kukaza hadi takriban siku 28.

Maelezo hayo yanaonekana mepesi, lakini kila hatua ina mtego, na mtego wenyewe ni wa lugha. Si kila udongo unaofaa. Udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi utaliharibu tofali, na udongo wenye mchanga mwingi utamomonyoka. Mtafiti hutenganisha udongo kwa majina ya kimaabara na kwa asilimia. Fundi huutenganisha kwa rangi, kwa kuufinyanga viganjani na kwa kuangalia kama unanata. Wote wawili wanazungumzia kitu kimoja, lakini hakuna ukurasa mmoja unaowakutanisha.

Vivyo hivyo kwa maji. Katika ripoti, kiasi cha maji ni tarakimu. Kazini, kuna jaribio rahisi: shika konzi ya mchanganyiko, ukaze hadi uwe bonge, kisha uliachie lianguke chini kutoka kimo cha takriban mita moja. Likisambaratika kabisa, maji ni machache. Likibaki bonge moja, yamezidi. Likigawanyika vipande vichache, yametosha. Sentensi chache za Kiswahili zinatosha kumpa fundi kile ambacho jedwali la ukurasa mzima haliwezi kumpa.

Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa kumwagilia. Neno la Kiingereza litumikalo kwa hatua hiyo ndilo litumikalo pia kwa mgonjwa apataye nafuu. Mfasiri anayetegemea kamusi ya kawaida ataandika kwamba tofali "huponywa", na fundi atacheka. Akiandika kwamba "hukaushwa", hali itakuwa mbaya zaidi, kwa maana atakuwa amesema kinyume cha lililokusudiwa: kibarua ataanika tofali juani, nalo litadhoofika hata kama saruji ilikuwa ya kutosha. Fundi mwenyewe humwambia kibarua wake amwagilie maji asubuhi na jioni, asiruhusu tofali likauke upesi. Maneno hayo ndiyo istilahi. Yalikuwepo kabla ya kamati yoyote kuketi.

Hapa ndipo hasara inapojitokeza. Kuta zikianza kumeguka katika mvua ya kwanza, mwenye nyumba hatasema kwamba maelekezo hayakueleweka. Atasema tofali lisilochomwa ni tofali la fukara, atawaambia majirani, na wote watarudi kwenye tanuru. Hivyo utafiti wa miaka mingi hushindwa kwa kosa la neno moja, na hakuna ripoti itakayoliandika kosa hilo.

Kuna hasara kubwa kuliko hiyo. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Lugha haikuliangusha jengo lile. Hata hivyo, kanuni za ujenzi zilizotumika nchini tangu 1968, pamoja na zile za 2024 zilizochukua nafasi yake, ziliandikwa kwa Kiingereza. Wapangaji wangapi, vibarua wangapi, wangeweza kuzisoma wakajua ni kitu gani walikuwa na haki ya kukidai? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Katika mjengo, urasmi huo haujaonekana.

Ushahidi wa Kitale

Wapo watakaosema kwamba utafiti hauwezi kamwe kufika kwa mtu wa kawaida. Kitale inawakanusha. Mnamo 1964, watafiti wa kituo cha mahindi cha Kitale walitoa mbegu chotara ya H611, na kampuni ya Kenya Seed, iliyoanzishwa huko huko mwaka 1956, ikaisambaza. Wakulima waliopokea mbegu hizo na zile zilizozifuata hawakusoma makala ya jenetiki. Walielezwa na maafisa wa kilimo mashambani, wakaoneshwa vipande vya majaribio, wakaambiwa nafasi kati ya shimo na shimo na wakati wa kutia mbolea. Leo mkulima wa Trans Nzoia huzitaja mbegu kwa nambari zake kama atajavyo majina ya ng'ombe wake, akikueleza ipi inafaa nyanda za juu na ipi huchelewa kukomaa. Utafiti ulipata msamiati wake shambani, ndiyo maana ukaishi.

Mji huo huo ulitoa somo la pili mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la ITDG, ambalo sasa huitwa Practical Action, lilipowashirikisha wakaazi wa Kipsongo, Tuwani na Shimo la Tewa kupanga mitaa yao wenyewe: njia, maji na vyoo. Upangaji wa namna hiyo huanza kwa swali, na swali lisiloeleweka halina jibu. Mitaa ya Kitale ina Wabukusu, Waturkana, Wasabaoti na wengine wengi. Kiswahili ndicho kiwezacho kuwaweka katika kikao kimoja.

Jiko la makaa lenye kauri ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, lina habari ya aina hiyo. Wazo lake lilitoka Thailand, watafiti wakalirekebisha, lakini waliolieneza ni mafundi wa jua kali waliolifua kwa nyundo. Kwa kuwa mafundi hao walikuwamo tangu mapema, jiko halikuhitaji mkalimani.

Je, Kiswahili ni kichanga?

Hoja inayorudiwa sana katika vitivo vya uhandisi ni kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Historia ya pwani inaijibu. Katika nyumba za mawe za Lamu, upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Hiyo ni hesabu ya uhandisi, na waliofanya hesabu hiyo waliifanya kwa Kiswahili. Waunda majahazi walikuwa na mkuku, mataruma, foromali na kalafati kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa katika kanda hii. Na hata leo, mjengo wowote wa Kitale au Bungoma unasikika timazi, pimamaji, mwiko, kokoto, balasti, lenta na mota. Baadhi ya maneno hayo yametoka Kiingereza yakavaa vazi la Kiswahili. Hilo si aibu, kwani lugha zote hukopa.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: mtafiti hupandishwa cheo kwa makala ya kimataifa, nayo huandikwa kwa Kiingereza. Hiyo ni kweli, na hakuna anayemtaka mhandisi aache kuzungumza na wenzake wa Tokyo au Roma. Kinachotakiwa ni kwamba azungumze pia na fundi wa Chwele. Kazi moja haiondoi nyingine. Mhandisi asiyeweza kulieleza tofali lake bila Kiingereza ana sababu ya kujiuliza kama amelielewa kikamilifu.

Kosa la Wanakiswahili

Ingekuwa rahisi kuwatupia lawama wahandisi na kuishia hapo. Lakini mkono unaonyosha kidole una vidole vitatu vinavyomwelekea mwenyewe. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wamefanya nini? Kwa miaka mingi wamebishana iwapo kifaa kiitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na walipokuwa wakibishana, soko likachagua kompyuta likaenda zake. Istilahi nyingi zimeundwa mezani, zikachapishwa, zikalala katika maktaba. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni kazi ya kuheshimiwa, na programu ya Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilionyesha kwamba wataalamu wa kompyuta wanaweza kuandamana na Kiswahili. Mifano hiyo ni mizuri, lakini ni michache mno.

Katika fasihi hali si bora. Tasnifu hufuatana juu ya dhamira na wahusika katika riwaya zile zile, ilhali masimulizi ya mafundi, methali zao za kazini, na namna wanavyomfundisha mwanagenzi kwa maneno machache na ishara nyingi hayajaandikwa. Haya nayo ni fasihi simulizi, na ni ghala la msamiati. Anayetafuta neno la hatua fulani ya ujenzi angelipata haraka zaidi kwa kukaa asubuhi moja katika mjengo kuliko kwa kukaa mwezi mzima na kamusi.

La kufanya

Hatua za kwanza hazihitaji bajeti kubwa. Mosi, kila tasnifu ya uhandisi na usanifu majengo yenye matokeo yanayoweza kutumiwa na umma ipewe ikisiri ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, iandikwe na mtafiti pamoja na mwanafunzi wa Kiswahili. Pili, ikisiri hiyo isomewe fundi kabla ya kukubaliwa. Fundi aulizwe aeleze kwa maneno yake alichoelewa, na pale atakapokwama, iandikwe upya. Mtahini wa aina hiyo hana shahada, lakini ndiye asiyedanganyika. Tatu, wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili wahimizwe kukusanya msamiati wa ujenzi, useremala na ufuaji vyuma katika Kitale, Bungoma, Webuye na kwingineko, waonyeshe pia tofauti za mahali na mahali. Nne, majarida ya vyama vya Kiswahili yatenge kurasa chache za ikisiri hizo katika kila toleo.

Mazingira ya kuanzia yapo. Chuo Kikuu cha Kibabii, kilichopata hati yake mwaka 2015, kinafundisha Kiswahili na pia sayansi ya kompyuta katika Bungoma hiyo hiyo. Kitale ina chuo cha kitaifa cha ufundi, na Sang'alo kuna chuo kinachofunza ufundi kwa vijana wa eneo hilo. Wanafunzi wa ufundi katika vyuo hivyo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, kisha hupelekwa kufanya kazi na watu wanaozungumza Kiswahili. Kati ya darasa na mjengo pana mto, na Wanakiswahili wamesomea ujenzi wa daraja la namna hiyo hiyo.

Itasemwa kwamba wapo wazee wa Bungoma ambao hata Kiswahili si chepesi kwao. Ni kweli. Lakini fundi akishaelewa kwa Kiswahili, hahitaji mtu wa kumfasiria kwa Lubukusu. Atamweleza mzee mwenyewe, kwa mifano ya boma lake.

Hitimisho

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hufundishwa darasani kama onyo juu ya uzembe, na wanafunzi huieleza vyema katika mitihani. Mara chache huulizwa ukuta wenyewe unajengwaje, kwa tofali lipi, na nani. Vitivo vya uhandisi vimeshalijibu sehemu ya swali hilo, na jibu lao linastahili pongezi. Lililobaki ni kulitoa jibu hilo kabatini na kulifikisha barabarani, pale Kamukuywa na Misikhu, ambapo kijana anapanga magogo chini ya tanuru jioni hii. Kijana huyo hakukataa utafiti. Hakuna aliyewahi kumsomea.